Kinga haikupungua, ilibadilishiwa kazi

Jumamosi moja shangazi yangu alipanda basi la asubuhi kutoka Magu akaja kwangu Mwanza. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akanywa maji. Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko cha kijani na kuliweka mezani. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya majani makavu. Ubavuni paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba unaongeza kinga ya mwili.

"Mwanangu, hili ni la nne," aliniambia. "Kila kopo elfu themanini na tano. Nilitaka nilimalize kwanza ndipo nije nikuambie."

Alichotaka kuniambia kilikuwa kwenye titi la kushoto. Alikigusa mara ya kwanza akiwa anaoga, kikiwa kama punje ya njugu mawe. Miezi minane baadaye kilikuwa kama limau, ngozi juu yake imevutwa kwa ndani, na kwapani kulikuwa na tezi mbili ngumu. Aliniruhusu nishike. Mikono yangu imezoea kushika vitu vya namna hiyo vikiwa vimeshakatwa na kulowekwa kwenye fomalini. Haikuzoea kuvishika vikiwa bado ni mwili wa mtu aliyenibeba mgongoni.

Akaniuliza: "Wewe uko hukohuko maabara. Niambie ukweli. Kama kinga yangu ingekuwa na nguvu, kitu hiki kingeota?"

Siku ile nilimwambia tu kwamba Jumatatu tunakwenda hospitali. Leo nataka kulijibu swali lake, na kulijibu gazetini, kwa sababu si lake peke yake. Nalisikia kwenye daladala, kanisani, na kwenye foleni ya dirisha letu la kupokelea sampuli. Tena wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuuza jibu lake la uongo.

Tulipata wapi wazo kwamba kinga ni kitu kinachopanda na kushuka kama maji kwenye tangi? Naamini tulilipata kwenye UKIMWI. Ugonjwa ule ulipobainika Kagera mwaka 1983, taifa zima likaja kujifunza neno jipya, na neno lenyewe lilibeba somo ndani yake: Upungufu wa Kinga Mwilini. Somo lilikuwa la kweli. Virusi vya UKIMWI huangamiza seli za CD4, seli hizo huhesabiwa, na mgonjwa hupewa namba yake. Namba ikishuka, hatari, ikipanda, nafuu. Ni kweli pia kwamba mwenye upungufu huo hupata kwa urahisi zaidi baadhi ya saratani, kama ile ya Kaposi na ile ya mlango wa kizazi, na kwake dawa za ARV zinazorudisha kinga ni msaada mkubwa.

Lakini tuliichukua picha ya ugonjwa mmoja tukaibandika kwenye magonjwa yote. Leo mtu akisikia jirani ana saratani, anasema kinga imeshuka. Hata sisi watumishi wa afya tunasema hivyo. Mimi mwenyewe nimesema mara nyingi, kwa sababu ni jibu fupi na mgonjwa analielewa. Wauza unga hawakubuni kitu. Walikuta mlango tumeuacha wazi, wakaingia.

Nimekuwa mteknolojia wa maabara kwa miaka kumi na tisa, upande wa patholojia, pale ambapo kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa hugeuzwa kuwa slaidi. Kinyama hukaa kwenye fomalini, huondolewa maji kwa spiriti, huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, kikaganda ndani ya kijitofali cheupe. Kijitofali nakifunga kwenye mashine ya kukatia, nazungusha mpini, na kila mzunguko wembe unatoa utando mwembamba ambao ukipumua karibu nao unapeperuka. Unene wake ni maikroni tatu au nne. Ungehitaji kupanga tando kama ishirini kuufikia unene wa unywele mmoja. Naulaza utando juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha kama kitambaa kilichopigwa pasi, kisha nauchota kwa kioo. Halafu rangi mbili: hematoksilini inayopaka viini vya seli buluu iliyokolea, na eosini inayopaka kilichobaki waridi.

Mtu ambaye hajawahi kutazama anadhani uvimbe wa saratani ni saratani tupu. Ndani yake kuna mishipa midogo, nyuzi, mafuta, damu, na katikati ya vyote hivyo kuna seli za kinga. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, nikafundishwa njia nyingine ya kupaka rangi, inayoitafuta protini inayoitwa CD68 na kuzipaka kahawia seli za kinga za aina moja zilizo nayo. Slaidi niliyopewa ilikuwa ya uvimbe wa titi. Nilipoiweka chini ya hadubini nilidhani nimeharibu, rangi imemwagika. Kahawia ilikuwa kila mahali. Mwalimu akaniambia sijaharibu: katika baadhi ya uvimbe wa titi, seli hizo hufikia hata nusu ya uvimbe mzima.

Nilikaa nikaitazama slaidi ile mpaka wenzangu wakatoka kwenda kula. Mtu yule alikuwa ameambiwa na wangapi kwamba kinga yake imeisha? Nami niliiona kwa macho yangu, imejaa pale pale, imekaa na saratani nyumba moja.

Seli hiyo inaitwa makrofaji, jina la Kigiriki lenye maana ya mlaji mkubwa. Aliyetufungulia kazi yake ni Ilya Mechnikov, mwanasayansi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi. Mwaka 1882 alikuwa Messina, kisiwani Sicily, akichunguza viluwiluwi wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapitisha mwanga kama kioo. Siku moja familia yake ilikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Aliwachoma viluwiluwi kwa miiba ya waridi, na asubuhi yake akakuta seli zimeuzingira mwiba kila upande, zinataka kuula. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Sasa hivi unaposoma gazeti hili, makrofaji za mapafu yako zinakusanya vumbi la barabarani na moshi wa kuni. Za bandama na ini zinameza chembe nyekundu za damu zilizochakaa baada ya kuishi kama siku 120, na kuyarudisha madini yake ya chuma yatumike upya. Ukijikata kwa kisu, makrofaji husafisha jeraha kwanza, halafu hugeuka mafundi: huita mishipa mipya ya damu, huagiza nyuzi za kuziba pengo, na huzituliza seli nyingine za kinga zisiendelee kupigana mahali ambapo vita vimekwisha.

Zishike kazi hizo mbili, kula na kujenga, kwa maana hapo katikati ndipo saratani inapopenya. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Harold Dvorak, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kama kidonda kisichopona. Uvimbe hutoa kemikali zilezile ambazo kidonda hutoa kuomba msaada. Makrofaji inafika, inapokea agizo, inaanza ukarabati. Haijamsaliti mtu. Inafanya kwa uaminifu kazi iliyoagizwa, ila aliyeagiza siye mwenye nyumba.

Na zinatoka wapi? Wakati nasoma chuo tulifundishwa asili moja: makrofaji zote huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, husafiri kwenye damu zikiitwa monosaiti, huingia kwenye kiungo na kukomaa humo. Hayo ndiyo waliyofundisha Ralph van Furth wa Leiden, Uholanzi, na wenzake tangu miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2010 mafundisho hayo yalitikisika. Florent Ginhoux, Miriam Merad na wenzao walionyesha kwa panya kwamba makrofaji za ubongo hutoka kwenye kifuko kinachoshikamana na kiinitete siku za mwanzo kabisa za mimba, kabla uboho haujaanza kazi, na huendelea kuishi na kuzaana mumo humo. Tafiti zilizofuata zikakuta wenyeji kama hao kwenye ini, mapafu na viungo vingine. Kwa hiyo viungo vyetu vina wenyeji waliokuwemo tangu tumboni mwa mama, na vina wageni wanaoletwa na damu kila siku.

Saratani inawatumia wote. Mwaka 2014 watafiti wa New York waliofuatilia saratani ya titi kwa panya walikuta makrofaji za uvimbe ni wageni walioletwa na damu. Mwaka 2017 wenzao wa St. Louis walichunguza kongosho, wakakuta kundi kubwa la wenyeji waliozaana ndani ya uvimbe na kusuka zile nyuzi ngumu zinazouzunguka. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba kwenye mapafu wenyeji ndio wanaokaa karibu na seli za saratani hatua za mwanzo na kuzisaidia zisishambuliwe.

Nayasimulia haya kwa sababu yana uzito hadi kwenye meza yangu ya sebuleni, pale kopo lilipowekwa. Ukiniambia unga wako unaongeza kinga, nina haki ya kukuuliza: kinga ipi? Ya wenyeji au ya wageni? Ya kwenye ini au ya kwenye titi? Ile inayokula, au ile inayojenga? Kwa sababu ukiniongezea ile inayojenga ndani ya uvimbe, umeniongezea ugonjwa.

Makrofaji zilizokwisha kuajiriwa na uvimbe zinaita mishipa ya damu, uvimbe ukapata chakula. Zinayeyusha nyuzi, njia ikafunguka. Zinatoa ishara za kuzituliza seli T, ambazo zina uwezo wa kuiua seli ya saratani moja kwa moja. Kisha zinaisindikiza saratani safarini. Mwaka 2001 kundi la Jeffrey Pollard, huko Bronx, New York, lilitumia panya wasioweza kutengeneza CSF-1, moja ya kemikali zinazoita na kulea makrofaji. Uvimbe wa matiti uliota kama kawaida, lakini kusambaa kwake hadi mapafuni kulipungua sana. Walipoirudisha kemikali hiyo ndani ya titi, makrofaji zikarudi na saratani ikaanza tena kusafiri. Niliposoma habari hiyo nilizikumbuka tezi mbili za kwapani kwa shangazi. Ndani ya miezi minane ya makopo manne, safari ilikuwa imeshaanza.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya panya wa ng'ambo tu. Slaidi iliyonifundisha kuliko zote ilitoka kwenye taya la mtoto wa hapahapa Kanda ya Ziwa. Nilikuwa bado nafundishwa kazi. Daktari wa patholojia aliniita: "Njoo utazame anga." Nikainama kwenye hadubini. Uwanja wote ulikuwa umefunikwa na seli za buluu nzito, zimebanana, zina sura moja, kama usiku usio na mwezi. Na ndani ya usiku huo, hapa na pale, mlikuwa na vitobo vyeupe. Madaktari duniani kote huiita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni makrofaji moja iliyonenepa, na tumboni mwake mna makombo ya seli za saratani zilizokufa.

Hiyo ndiyo limfoma ya Burkitt. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine Jinja, mwenye uso uleule. Mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kwa wiki kumi, takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda kushuka hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Na ramani waliyoipata ikafuata joto na mvua, yaani ikafuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, waliona ndani ya seli zilizotoka Uganda kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Siku ile nilimwambia daktari: "Basi mtoto huyu ana kinga nzuri, tazama inavyokula." Akanijibu: "Hesabu nyota, kisha hesabu giza." Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Seli zake zinakufa kwa wingi kwa kuwa zinazaliwa kwa wingi kupita kiasi, na nyota zinafagia maiti. Mwaka 2015 watafiti wa Edinburgh walionyesha, kwa panya, kwamba seli za limfoma ya namna hii zinapokufa huzielekeza makrofaji upande wa ujenzi, na ujenzi huo huzinufaisha seli za saratani zilizobaki hai. Hata kula kwenyewe kunaweza kuwa utumishi.

Mtoto yule alipona, na kilichomponya ni dripu. Burkitt mwenyewe aliona, miaka ya 1960, uvimbe wa watoto ukiyeyuka kwa dozi chache za saiklofosfamidi. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona wakifikishwa mapema na dawa zikiwepo. Wale ambao hawakufikishwa nao walikuwa na nyota zao.

Wenye maabara kubwa duniani wanajaribu kuzibadilishia makrofaji maagizo, na inafaa tujue wamefika wapi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha peksidartinibu, dawa inayozuia agizo la CSF-1, kwa ajili ya uvimbe mmoja adimu wa kwenye maungio ambao umejengwa kwa agizo hilohilo. Hapo inafanya kazi, ingawa inaweza kuumiza ini na mgonjwa lazima afuatiliwe kwa karibu. Kwa saratani zilizo nyingi, dawa za njia hiyo zikitumika peke yake hazikuleta kilichotarajiwa. Watafiti wa Stanford nao walionyesha kwamba seli za saratani hujivika protini ya CD47, ambayo huiambia makrofaji isizile. Dawa ya kuifunika protini hiyo, magrolimabu, ilileta matumaini makubwa, kisha majaribio yake makubwa ya saratani za damu yakasimamishwa kati ya mwaka 2023 na 2024 kwa kuwa wagonjwa hawakunufaika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha kazi ya kuziwekea makrofaji kipokezi cha kuitambua saratani na kuila. Njia hiyo ingali kwenye majaribio.

Hao ni watu wenye vifaa vyote, waliopima hatua kwa hatua na kutangaza hadharani pale waliposhindwa. Kuipa makrofaji agizo jipya kumewatoa jasho. Kopo la shangazi halikuwa hata na orodha ya vilivyomo.

Ipo njia moja ya kuielekeza kinga iliyosimama imara, na chanjo yake yawezekana imeacha kovu mkononi mwako. Ni BCG, ile tunayowachoma watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Canada alichapisha matokeo ya kuiweka BCG ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wa saratani, na hadi leo inatumika kwa saratani ya kibofu ambayo haijazama kwenye msuli. Hupitishwa kwa mrija hadi kibofuni, mara moja kwa wiki kwa wiki sita za mwanzo. Ukuta wa kibofu unawaka, na makrofaji pamoja na seli nyingine za kinga zinaamshwa kwa agizo jipya. Yatazame masharti yake: inawekwa pale pale penye ugonjwa, kwa kipimo kinachojulikana, baada ya kinyama kusomwa na kusema ni saratani gani na imezama kiasi gani. Hivyo ndivyo kinga inavyoelekezwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa watumishi wenzangu wa afya. Tuache kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba kinga yake imeshuka, kama hatujapima chochote kinachoonyesha hivyo. Tumwambie kwamba kinga yake ipo, uvimbe umeielekeza vibaya, na hatuwezi kumsaidia mpaka tujue ni uvimbe gani. Ni sentensi ndefu kidogo kuliko ile tuliyoizoea, lakini inamwelekeza mtu kwenye kipimo badala ya kumwelekeza dukani.

Ombi la pili ni kwa wenye redio, na kwa mamlaka zinazosimamia dawa na matangazo. Tangazo linalosema bidhaa fulani inaongeza kinga dhidi ya saratani linampa msikilizaji sababu ya kuahirisha. Sina ugomvi na mlonge wala mchicha. Mgonjwa ale vizuri, ale maharage, dagaa na mboga, apate nguvu ya kuyabeba matibabu. Chakula kiitwe chakula. Ugomvi wangu ni na mtu anayekigeuza kuwa tiba na kukiuza elfu themanini na tano kwa mjane anayelima bustani.

Ombi la tatu ni kwa wanaopanga bajeti. Nimeona kinyama kikisubiri wiki kadhaa kwa sababu fomalini imekwisha, au nta imekwisha, au daktari wa kusoma slaidi ni mmoja na slaidi ni mamia. Mgonjwa anakuja dirishani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anaambiwa majibu bado. Mara ya nne haji. Kila wiki tunayomchelewesha ni wiki tunayomkabidhi muuza unga. Mashine ya kukatia vinyama haina mvuto wa kupigwa picha siku ya uzinduzi, lakini hakuna dripu, mionzi wala kisu cha daktari kinachoweza kutangulia kabla yake.

Kinyama cha shangazi kilipita mikononi mwangu. Nilikitambua kwenye fomu kwa jina la babu yangu. Mwenzangu alitaka kunipokea kazi ile, nikamwambia aniache. Nilikikata taratibu kuliko nilivyowahi kukata kinyama chochote, nikaulaza utando juu ya maji, nikaupaka rangi, nikampelekea daktari, nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe. Majibu yalisema ni saratani, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha ni ile inayolishwa na homoni za kike. Alipewa dripu, akafanyiwa upasuaji, na sasa anameza kidonge cha tamoksifeni kila siku, mwaka wa pili huu kati ya miaka mitano aliyoandikiwa. Amerudi bustanini kwake. Kama angekuja kikiwa bado punje ya njugu, pengine lile titi angekuwa nalo.

Jioni moja, nywele zikiwa zimeanza kuota tena, aliniuliza swali lake kwa mara ya pili. Nikachukua simu nikamwonyesha picha ya ile slaidi ya mafunzo, ile yenye kahawia kila mahali. Nikamwambia: "Shangazi, ulikuwa na kinga siku zote. Haikulala na haikuisha. Ilifika mapema kabisa, ikapewa maagizo ya uongo, ikaanza kujenga."

Aliitazama picha kwa muda mrefu, akiisogeza na kuirudisha kwa kidole.

"Kumbe ilidanganywa," akasema. "Kama mimi."

Wewe ambaye umegusa kitu usichokielewa mwilini mwako, kwenye titi, shingoni, kwapani au kwenye taya la mwanao: nenda kakatwe kinyama, kipimwe. Usisubiri kopo liishe.